Kamera Isiyotuma

Msambweni,
14 Januari 2024

Shangazi yangu Mwanaima,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa goti la kushoto la Baba, ambalo yeye anadai linajua mvua kabla ya redio. Bado anashika zamu ya langoni pale hospitali. Mama naye hajambo. Mbuzi wake mweupe amezaa pacha, na mmoja ni mkaidi kiasi kwamba tumempa jina la Baba, ingawa Baba mwenyewe hajaambiwa.

Usinicheke kwa kukuandikia kwa kalamu. Simu yangu Mama huishika kila jioni kutazama mapishi, na ujumbe wowote unaoingia huusoma kwa sauti, hata ule wa kampuni ya simu. Shutu, yule mama anayetuletea machungwa kutoka huko Tanga, amekubali kuwa posta yetu kila anapovuka mpaka wa Lunga Lunga.

Sasa nililokusudia. Shangazi, nataka kununua kamera. Si simu yenye kamera, bali kamera yenyewe, ile kubwa ya kubadilisha lenzi, vijana wa Ukunda huiita DSLR. Nina shilingi elfu thelathini nilizoweka kwa miaka miwili ya kuwatia watu hina na piko. Hiyo kazi ndiyo iliyonipa wazo. Naingia kila harusi, upande wa wanawake, na kila mahali ni vilevile: simu zote hutiwa kikapuni mlangoni, na wapiga picha wote tulio nao ni wanaume, hawawezi kuingia. Basi bibi harusi anapambwa siku nzima, anapendeza mpaka watu wanamsomea dua, na asubuhi yake hana picha hata moja. Naona pale pana kazi, na naona inanifaa mimi.

Nilimwambia Mama akiwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kamera haitaingia nyumba hii." Nilipomuuliza sababu aliniambia nazi haijikuni yenyewe, akanipa mbuzi ya kukunia nikalie. Nikamwendea Baba. Baba akasema, "Muulize shangazi yako, yeye ndiye aliyekuwa mpiga picha," kisha akaenda zamu saa nzima kabla ya wakati wake.

Mimi nina miaka ishirini na mitatu na sijawahi kusikia kwamba wewe ulikuwa mpiga picha. Ulipokuwa ukinishonea magauni nilipoletwa huko utotoni hukunigusia hata mara moja. Kwa hiyo nina maswali mawili, na yote nayataka yajibiwe: ninunue kamera gani kwa pesa hizi, na kwa nini Mama hataki?

Nakubusu mikono.
Mwanao, Warda


Tanga,
9 Februari 2024

Warda mwanangu,

Marahaba, wa alaykum salaam. Barua yako imefika ikinuka machungwa, nami nikaisoma nikiwa na pini mdomoni kwa sababu sare za shule hazikunipa nafasi ya kukaa. Afya ninayo. Cherehani yangu ya zamani inafanya kazi, ile mpya imelala. Jirani yangu ameolewa mara ya tatu, nami ndiye niliyemshonea nguo zote tatu, na kusema kweli hii ya tatu ndiyo iliyomkaa. Mpe pole Baba yako kwa goti, na mwambie akae, asikimbiekimbie zamu.

Umeniuliza kamera gani kabla ya kunieleza chumba gani. Anzia hapo. Simama sebuleni kwenu, mgongo ukutani, uhesabu ni watu wangapi unaowaona kwa mara moja. Vyumba vya kupambia maharusi vya kwetu unavijua: kitanda, kabati la kioo, na wanawake kumi na wawili ambao kila mmoja ana lake la kusema. Lenzi ndefu ya kuvutia ndege mtini haitakufaa humo hata ukipewa bure. Unataka ile fupi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera. Wasikutie aibu vijana kwa kusema ni ya wanaoanza. Wewe si unaanza?

La pili, kwa elfu thelathini hutanunua mpya, utanunua ya mkononi, iliyokwisha kutumiwa, na kitu cha mkononi cha pwani kina maadui wawili. Wa kwanza ni mchanga. Iweke lenzi karibu na sikio uizungushe polepole. Ukisikia chochote, irudishe. Wa pili ni kuvu. Washa tochi, imulike lenzi kutoka nyuma, utazame ndani. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe, hiyo imelala kabatini kwenye unyevu na haitapona. Usinunue kabla ya kubakiza pesa ya kadi na betri ya pili, maana harusi haingoji betri. Lakini usichague mpaka msimu ukupite pia. Mchagua nazi hupata koroma.

Ili nisikudanganye kwa habari za zamani, niliingia duka moja la kamera hapa mjini nikajifanya mnunuzi. Kijana akanipa moja niishike. Nilikaa nayo kwa muda unaozidi adabu ya mtu asiyenunua, hata akaniuliza kama namjua mwenye kamera hiyo.

Hilo swali lako lingine sikulisoma vizuri, wino ulikuwa umefifia. Ila mama yako akisema jambo, mtii.

Shangazi yako,
Mwanaima


Msambweni,
3 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ramadhani iko mlangoni na Mama ameshaanika tambi mpaka juu ya paa la banda la mbuzi. Baba hajambo, mvua hajaitabiri tena.

Wino wangu haukufifia, Shangazi. Ni ule ule niliokuandikia habari za kamera, na za kamera umezisoma zote. Lakini nitangoja.

Nilisimama mgongo ukutani kama ulivyoniagiza. Mama akaniuliza kama naumwa.

Nimeona kamera mbili. Ya kwanza ni ya Garama, kijana anayewapiga picha watalii pale ufuoni Diani wakiwa juu ya ngamia. Amenunua nyingine, hii anaiuza elfu ishirini na mbili na lenzi yake. Ni Canon, 1200D. Niliichomoa lenzi nikaizungusha sikioni, na Shangazi, ilisaga kama mtu anayekula wali wa mchele usiochaguliwa vizuri. Garama alicheka kwanza, kisha akaacha, akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia nina shangazi. Mwili wa kamera wenyewe ni mzima, mchanga haujaingia, na bila lenzi ameshuka mpaka elfu kumi na sita.

Ya pili iko dukani kwa Amin, Ukunda. Nayo ni Canon, 1300D, ndugu yake mdogo. Kwa macho siwezi kuzitofautisha. Tofauti ni kwamba hii ina WiFi: unapiga, na papo hapo picha inaruka kwenda kwenye simu. Ni elfu ishirini na tisa na lenzi. Nikiichukua sibakiwi na ya kadi wala ya betri. Amin huyo huyo ana lenzi fupi ya mkononi inayoingia kwenye ile ya Garama, elfu saba. Niliimulika kwa tochi kutoka nyuma na ndani ni peupe kabisa.

Rafiki yangu Faith, mtu wa Nakuru, anafanya kazi mapokezi ya hoteli na anajua mambo ya picha, ananisukuma niende na ya Amin. Anasema, "Client anataka picha saa hiyo hiyo, babe, si kesho. Hiyo ya Garama ni ya kina guka," yaani ya mababu. Sijui nimsikilize. Nimejaribu kufikiria ni kitu gani hasa ninachonunua nikinunua WiFi, na bado sijapata jibu.

Kuna jingine. Nilikuwa natafuta leso kuukuu ya kushonea mfuko wa kamera, nikafungua kasha la Mama. Chini kabisa nikakuta fremu ya mbao, nzuri, kubwa kama sinia la chai, na kioo chake, na haina picha ndani. Nyuma imeandikwa kwa penseli, Desemba 1999. Ndio mwezi wa harusi yao. Mama alinikuta nimeishika. Hakunigombeza. Aliipokea, akairudisha, akafunga kasha kwa ufunguo, na tangu hapo ufunguo uko shingoni mwake.

Humu ndani, Shangazi, picha ya Mama ni moja tu, ya kitambulisho, na pale anaonekana kama aliyeamshwa usingizini. Sijui alivyokuwa akiwa msichana. Ile fremu ilikuwa ya picha gani, na nani aliitoa?

Warda


Msambweni,
20 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Idi ya juzi ikukute na heri. Huku tulisherehekea vizuri. Nilitia hina mikono sitini na mmoja, wa mwisho ukiwa wa bibi aliyetaka kidole kimoja tu.

Hukujibu. Shutu anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaisoma tena umekaa, ukaiweka chini ya kitambaa ulichokuwa unakata, ukamwambia hakuna majibu. Amerudi mara mbili tangu wakati huo na mara zote mbili ulikuwa na shughuli. Kama nimevuka mpaka kwa kuuliza, niwie radhi. Lakini siwezi kuacha kutaka kujua, ndivyo nilivyo, na Mama anasema nimerithi kwako.

Garama amepata mnunuzi mwingine wa kutoka Shimoni. Amenipa mpaka mwisho wa wiki ya kwanza ya Mei. Mimi pesa ninazo, kamera naitamani, na radhi ya Mama sina. Nifanye nini?

Warda


Tanga,
2 Mei 2024

Warda mwanangu,

Sikuwa na shughuli. Shutu ni muungwana kukupa maneno hayo.

Kaa chini uisome. Zamani nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Mgeni mmoja alipokuwa anaondoka aliniuzia kamera yake kwa mshahara wangu wa mwezi mzima, na mama yangu akaniombea kwa Mungu anirudishie akili. Nikajifunza mwenyewe kwa kuharibu mikanda ya filamu. Kutoka Gazi mpaka kwenu mwanamke mpiga picha alikuwa mimi peke yangu, na wakati wa kupamba bibi harusi nilikuwa naitwa kabla ya mpishi.

Akina mama walikuwa wakiniuliza mlangoni: picha hizi atazisafisha nani? Nilikuwa nawajibu, mashine. Nao wakiridhika. Kweli ilikuwa mashine, mwanangu, lakini iko Mombasa, na aliyesimama pembeni yake alikuwa mwanamume. Nilijua. Nilisema nusu ya kweli kwa miaka mitatu kwa sababu hiyo nusu iliniwezesha kuingia.

Desemba 1999 kaka yangu Nassir alimwoa mama yako. Mwanakombo alikuwa wifi yangu na alikuwa rafiki yangu kabla ya kuwa wifi. Nikampiga picha akiwa tayari, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, mtu mmoja kasema upuuzi na yeye kacheka. Nikapeleka mkanda Mombasa. Mwenye studio akaipenda picha ile, akaikuza, akaiweka dirishani bila kuniuliza. Na dirisha lake, Warda, lilikuwa njia ya kwenda kivukoni. Hakuna mtu wa kusini aliyekwenda mjini akarudi bila kupita pale.

Ilikaa siku tisa. Mjomba wa mama yako alirudi kutoka mjini akakataa kula, na hivyo ndivyo watu walivyojua. Nisikusimulie yaliyosemwa. Nilipanda gari alfajiri, nikaing'oa ile picha dirishani kwa mkono wangu, nikauza kamera hapo hapo mjini, na jioni yake nilikuwa kwenye basi la Tanga. Sikupita nyumbani. Nilimwonea mama yako aibu, na aibu ikizeeka huwa ngumu kuliko ilipoanza. Mwaka ukawa kumi, kumi ikawa ishirini na nne.

Picha ninayo. Imefungwa ndani ya satini chini ya godoro langu. Kuichoma sikuweza, kuituma nilihofia kumchoma yeye mara ya pili.

Sasa kamera yako. Faith wako ni mwerevu, lakini yeye anawapigia watalii hesabu, wewe unawapigia akina mama. Pale mlangoni hakuna atakayekuuliza kamera inapiga vizuri kiasi gani. Watakuuliza picha inakwenda wapi. Usiache mbachao kwa msala upitao: chukua ile ya Garama na lenzi ya Amin, maana haitumi, na ukisema haitumi utakuwa umesema kweli nzima. Picha zote ziko kwenye kadi. Kabla hujavaa viatu kuondoka, itoe kadi umkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Akitaka kuzisafisha, aje nayo yeye, akae ubavuni mwako mpaka ya mwisho itoke. Mashine ndogo ya kusafishia utaitafuta baadaye, Mungu akijalia, lakini usimpe mtu kadi, hata awe nani.

Hiyo ndiyo ingeniokoa mimi, kama ingekuwapo.

Kuhusu radhi ya mama yako sina la kukuambia, mimi ndiye niliyeiharibu. Ila nina swali, na nakuomba ulijibu kama ninavyokuuliza. Ile fremu ulipoishika, kioo chake kilikuwa na vumbi, au kilikuwa kimefutwa?

Mwanaima


Msambweni,
19 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu ya mvua hizi. Shutu alikwama kwa siku nne, machungwa yake nusu yakaharibika, lakini bahasha aliivalisha mfuko wa plastiki ikafika kavu.

Nimeisoma mara nyingi. Nitajibu swali ulilouliza.

Nilipoishika mara ya kwanza sikuangalia vumbi. Basi Ijumaa nilikaa chumbani kwa Mama nikijifanya nakunja nguo. Kila Ijumaa hufungua kasha kufukiza udi. Alizitoa leso moja moja, akaifikia fremu, na Shangazi, akachukua pindo la leso yake akafuta kile kioo, mbele, nyuma na pembeni, bila haraka, kama mtu anayefanya jambo alilolizoea. Kisha akairudisha. Kinang'aa. Mtu gani anafuta kioo cha fremu tupu kwa miaka ishirini na nne?

Nakuomba unitumie ile picha.

Na nina la kukiri. Siku za Garama zilikuwa zinakwisha, nikamlipa. Amin aliiunganisha na kompyuta yake akaniambia imepigwa mara elfu arobaini na kitu na bado ina maisha, nikachukua lenzi kwake, kadi, na betri ya pili, na nimebakiwa na elfu mbili. Iko kwa Faith, Ukunda, ndani ya debe la unga, maana unga umekwisha. Mama hajui. Kamera haijaingia nyumba hii, kwa hiyo sijaasi. Au nimeasi?

Warda


Tanga,
8 Juni 2024

Warda,

Umeasi. "Kamera haijaingia nyumba hii" ni ndugu wa "mashine." Nakujua, damu ni ile ile, na ndiyo maana nimekasirika.

Nimempa Shutu furushi. Picha iko ndani, kati ya kadibodi mbili, nimeishonea satini pande zote kwa uzi mwekundu. Usiifungue. Najua unavyowashwa na kutaka kujua, na mimi ningewashwa vivyo hivyo, lakini watu wengi walishaiona kabla ya mwenyewe kuulizwa. Usiwe mmoja wao.

Fanya kwa mpango huu. Kwanza mwambie Mama habari za kamera, yote, mpaka debe la unga. Akasirike mpaka amalize. Baada ya hapo ndipo umpe furushi. Ukianza na furushi utakuwa umemhonga, na hatalipokea kwa moyo.

Usiku wa kuamkia leo niliitoa nikaitazama kwa mara ya mwisho. Nimemuogopa mwanamke anayecheka hivi kwa miaka ishirini na nne. Akiichana, nitajie. Akinyamaza, nitajie pia. Usinifiche kitu ili nipate usingizi.

Idi njema. Mpe Baba yako mkono wangu.
Mwanaima


Msambweni,
23 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba hajambo, mbuzi hawajambo. Leo sitarefusha salamu.

Nilimwambia Mama Jumapili iliyopita, yote, mpaka debe la unga. Hakunigombeza, alininyamazia kwa siku mbili, na ningependelea kugombezwa. Siku ya tatu alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, nikaliweka furushi mbele yake. Sikusema limetoka wapi. Alipitisha kidole juu ya ule uzi mwekundu, akasema, "Hii ni mishono ya wifi."

Akaniagiza sindano. Nikamletea mkasi pia, akaukataa. Alifumua mshono mmoja mmoja, Shangazi, pande zote nne, na uzi akauzungusha kidoleni usipotee. Mimi nilikaa upande wa pili na sikuchungulia, na hiyo naomba unihesabie kama ibada.

Alipoitoa aliishika kwa mikono miwili. Nilifikiri atalia, au ataichana, nikaanza kutafuta maneno ya kukuandikia. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa na meno mazuri hivi."

Akaigeuza nikaiona. Siwezi kukueleza nilivyohisi. Nilikuwa namtazama Mama na simjui, na papo hapo nilikuwa namjua kabisa, kwa sababu kicheko kile ni changu. Nikalia mimi badala yake.

Ndipo akasema neno nitakalokuandikia kama alivyolitamka: "Mombasa nzima waliiona picha hii, na vivuko vyote vya Likoni, na mjomba wangu asiyependa kutazama. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa bado."

Baba alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Akaingia, akainama juu ya picha, goti likalia, na hakulilalamikia. Alimwambia Mama kwamba yeye naye aliiona kule dirishani, akakaa mbele yake mpaka gari la kurudi likamwacha, na hakupata kumwambia mtu. Mama akamwambia anyamaze, lakini alikuwa anacheka.

Akavua ufunguo shingoni akaleta fremu. Haikuingia. Kumbe aliinunua kwa kipimo ulichompa wewe, na yule wa studio aliikuza zaidi. Nikasema tukate pembeni, nikachukua mkasi. Upande wa kulia kuna pazia tu, lakini halitoshi, ilibidi tuguse na wa kushoto. Mama akanishika mkono. Kushoto kuna kioo cha kabati, na ndani ya kioo, mdogo, kamera imekuficha nusu ya uso, umo wewe. Akasema, "Hapa sikati."

Jana kamera imeingia nyumba hii. Mama aliishika kama mtu aliyeshika kuku asiyemjua kama hutaga au hatagi, akaniuliza, "Inatuma?" Nikamwambia haitumi. "Kadi inabaki na nani?" Nikamwambia, na mama wa bibi harusi, kabla sijavaa viatu. Akauliza nani kanifundisha. Hakungoja jibu. Ameniwekea sharti moja: kila bibi harusi nitakayempiga awe wa kwanza kuiona picha yake, na niipeleke kwa mguu wangu mwenyewe, hata kama nimekosea, na hasa kama nimekosea. Harusi ya kwanza ninayo, ni ya huko kijijini Mwaembe, mwezi wa nane.

Betri zote mbili zimejaa na sijapiga hata moja. Nilitaka kumpiga Mama hapo hapo mkekani, akakataa. Utaona sababu hapa chini, ameninyang'anya kalamu.

Warda


Wifi Mwanaima,

Assalaam alaykum. Nimeipata.

Lile dirisha lilinikera mwezi mmoja, watu wakapata la kusema jingine. Wewe ulinikera miaka ishirini na nne. Nilikuwa nafuta kioo nikisema Ijumaa hii atakuja nayo.

Fremu yangu ni ndogo sasa. Tafuta kubwa huko Tanga, uilete. Usimpe Shutu.

Mtoto nimemwambia picha ya kwanza ni ya watu wawili, kwa hiyo anakungoja, na mimi meno yanazidi kupungua.

Mwanakombo